Happy Makene na Vitufe vya Kakao

Happy Makene alikuwa na jibu la kila swali la wateja wake, isipokuwa moja. Ukimuuliza kakao inatoka wapi, atakuambia Kyela, na ni kweli. Ukimuuliza karanga, atakutajia hadi gulio alikozinunua. Lakini ukigusia yale maembe makavu yanayovipa vitufe vyake utamu bila chembe ya sukari, alikuwa anakaza uso na kusema, "Yanatoka kiwandani," kisha anageukia habari nyingine. Kiwanda gani, kiko wapi, hasemi. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, ila wahenga hao hawakuishi Tunduma. Huu ni mji wa mpakani, mizigo inaingia kutoka kila upande, na watu wamejifunza kutouliza sana.

Kiwanda chenyewe kilikuwa uwanja wa mama yake kule Kamsamba. Mama huyo, Mama Luhaga kwa jina la kaka yake Happy, alifika bonde la Momba pamoja na mumewe na ng'ombe wao, Happy akiwa bado mgongoni. Ni Msukuma, na Msukuma hafundishwi kukausha chakula. Kwao viazi vitamu huchemshwa, hukatwa na kuanikwa hadi viwe matobolwa, vikaliwa hadi mvua nyingine. Mama Luhaga aliuhamishia ufundi huo kwenye maembe. Alichagua yaliyoiva bila kulegea, akayakata vipande vyembamba, akavipanga juu ya kitambaa cheupe kwenye kichanja, na chandarua juu yake ili nzi wasipate pa kutua. Jua la Kamsamba halina mzaha. Baada ya siku chache vipande vile vilikuwa vinanyumbulika kama ngozi laini, na utamu wake unakaa mdomoni muda mrefu.

Alikuwa anavituma kwa makonda wa magari ya Mlowo, na Happy anavipokea stendi. Nyumbani kwake, chumba na kibaraza mtaa wa Majengo, Happy aliviloweka kidogo kwenye maji safi, akavitwanga pamoja na tende chache, akachanganya karanga zilizosagwa, ufuta na kakao, akakanda mpaka mkono unakataa. Kisha aliviringisha vitufe viganjani, akavigaragaza kwenye nazi kavu na kuviweka kwenye friji ya mwenye nyumba. Hakuwasha jiko wala hakumwaga mafuta. Mawakala wa forodha waliochoka na maandazi walivipenda, na madereva wa malori waliokaa foleni walivinunua wakavuka navyo hadi Nakonde, upande wa Zambia.

Sasa, mtu atauliza, binti mwenye kazi nzuri hivi anaficha nini? Anaficha kwao. Alipofika mjini kwa mara ya kwanza, akiosha vyombo kwenye mgahawa, wenzake walimcheka matamshi yake, wakamwita mtoto wa wachunga ng'ombe, wakamuuliza kama huko bondeni wanajua friji. Happy aliumia kuliko alivyoonyesha. Akaurekebisha ulimi wake, na siku alipohamia mtaa mwingine akawaambia majirani wapya kwamba amekulia Mwanza mjini. Uongo ule ulikuwa mdogo, ukalala naye, ukaamka naye, ukakua. Mkataa kwao ni mtumwa, na Happy aliijua methali hiyo vizuri kabisa. Ndiyo maana ilipotajwa redioni, alipunguza sauti.

Basi akatokea Bushra. Huyu alikuwa mwenyeji wa Kigoma, mke wa msafirishaji, mwenye duka kubwa karibu na mpaka. Alionja kitufe kimoja, akanunua vingine, akasema anataka kuviweka kwenye friji ya vioo pale mlangoni mwa duka, mahali ambapo kila anayeingia ataviona. Ila Bushra alikuwa mtu wa usafi. "Kwanza nije nione unavyotengeneza," alisema. "Chakula cha watu sikiweki dukani bila kujua kimetoka mikono gani." Kwa Happy, friji ile ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya kuzunguka na beseni juani na kuwa mtu mwenye kazi yake inayojulikana. Akakubali mara moja, kisha akapiga simu Kamsamba.

"Mayu," alimwambia mama yake, "nitumie maembe mazuri kuliko yote. Nina wageni wakubwa Alhamisi."

"Wageni wakubwa?" mama akauliza.

"Wakubwa sana. Usichelewe."

Mama Luhaga akasema sawa, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Happy hakuitilia maanani.

Alhamisi asubuhi Happy alikuwa kibarazani, amevaa aproni nyeupe na kofia ya kufunika nywele, mikono imejaa kakao hadi karibu na viwiko. Bushra alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anatazama kwa makini. Kando yake alikaa rafiki yake, Gloria, mke wa wakala wa forodha, mwanamke mwenye macho ya kupekua na ulimi usiotulia.

"Haya maembe mbona hayana nembo?" Gloria akauliza. "Kiwanda gani hiki?"

"Nanunua ya jumla," Happy akajibu. "Yanakuja kwenye viroba."

"Na huko kiwandani ni safi? Maana kuna watu wanaanika vitu chini, kuku wanapita juu yake."

"Safi sana," akasema Happy, na hapo hakudanganya.

Bodaboda ikasimama getini. Akashuka mwanamke mwembamba, vumbi la safari limemkaa hadi kwenye nyusi, ana kiroba kichwani na kuku jike aliyefungwa miguu kwapani. Alikuwa amelala Mlowo kwa watu wa kanisa lake ili awahi. Aliingia getini akitabasamu, meno yote nje, macho yake yakimtafuta mtu mmoja tu.

Kwa Wasukuma mambo haya hayana mjadala. Mtoto akimwona mama yake anaingia, anaacha alichoshika, anapiga goti, anatoa salamu, na mzigo unatoka kichwa kimoja unakwenda kingine. Magoti ya Happy yalianza kujikunja yenyewe. Nataka hilo lijulikane, maana yeye mwenyewe alilikumbuka baadaye na likamuumiza zaidi. Yalikuwa yameanza kujikunja.

"Huyu ni nani?" Gloria akauliza.

Magoti yakanyooka. "Ni mama mmoja wa bondeni," Happy akasema. "Huwa ananiletea mzigo."

Tabasamu la Mama Luhaga halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, kwa mazoea, kisha likajifunga. Alimtazama Happy, akaitazama aproni, akawatazama wanawake wawili kwenye viti. Mtu aliyelea watoto hahitaji kuambiwa jambo mara mbili.

Aliyeinuka alikuwa Bushra. Alimfuata, akamsaidia kutua kiroba, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mama Luhaga. Mwanangu. Happy alilisikia neno hilo likienda kwa mtu baki, akajifanya anatafuta ufuta.

"Unatoka huko kiwandani?" Bushra akauliza.

Mama Luhaga alikuwa mwimbaji wa kwaya ya akina mama, mtu ambaye hata bei ya yai hakuwahi kuidanganya. "Ndiyo," akasema. "Natoka huko. Mimi ni mbeba mzigo tu."

Gloria akacheka. "Kiwanda kinatuma mzigo pamoja na kuku?"

"Kuku ni wangu. Nilikuwa nampeleka mahali kuna wageni." Akamweka vizuri kwapani. "Ila naona nimekosea nyumba."

Happy alikuwa na nafasi ya kusema, nafasi nzima, hakuna aliyemziba mdomo. Alichofanya ni kuokota kitufe kilichodondoka na kukifuta.

"Mpe mama aonje basi," Bushra akasema. "Anabeba tu siku zote, hata hajui vinakuwaje."

Na ilikuwa kweli. Mwaka mzima wa kuanika, kuanua na kufunga viroba, na Mama Luhaga hakuwahi kuonja. Kila alipouliza kwenye simu, Happy alimwambia nitakuletea, na Kamsamba hakwenda. Sasa akamsogezea sahani, kichwa chini. Mama yake akachukua kitufe kimoja kwa mikono miwili, akakila polepole hadi mwisho.

"Ni vitamu," akasema. "Hongera, bosi."

Akashukuru maji aliyopewa, akawaaga wote kwa heshima ileile, akatoka na kuku wake. Bushra alimsindikiza hadi getini. Aliporudi alisema ameridhika, kazi ni safi, Jumatatu vitufe vipelekwe dukani. Happy akasema asante. Alikuwa amekipata alichokitaka, na kilikaa kifuani mwake kama ugali usiotaka kushuka.

Wageni walipoondoka alifungua kiroba. Maembe yalikuwa yamefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichofuliwa kikanyooshwa. Juu yake kulikuwa na kitenge kipya, bado kina karatasi ya dukani, na shanga za kiunoni zilizofungwa kwenye leso, zile ambazo mama humpa binti yake siku anapokuja kuposwa. Hapo ndipo alipoelewa. Wageni wakubwa. Kwa mama mwenye binti ambaye hajaolewa, wageni wakubwa ni wa aina moja tu, na hawapokelewi na binti peke yake kama mtu asiye na kwao. Mama yake alikuja kumsimamia. Alikuja na kuku wa kuwachinjia washenga, akakuta yeye mwenyewe hajulikani ni nani.

Happy akakaa chini, akalia kwa aibu, si machozi ya kupendeza, ni yale ya kamasi. Kisha akainuka akatoka mbio na aproni yake.

Ilikuwa imeshapita saa saba alipofika stendi. Mama Luhaga alikuwa kwenye benchi, anasubiri gari la Mlowo lijae, kuku miguuni pake. Kando yake alikaa muuza ndizi aliyeitwa Loisi, mwanamke wa makamo, na walikuwa wameshazoeana kama wanavyozoeana watu wa benchi moja. Happy akasimama mbele yao, anahema, kakao imemkaukia mikononi.

"Huyu ni binti yako?" Loisi akauliza. "Mmefanana pua."

"Hapana," akasema Mama Luhaga. "Ni mteja wangu. Namletea maembe."

Hakusema kwa hasira wala kwa kumkomoa mtu. Alisema kama mtu anayemtunzia mwenzake siri, na hilo ndilo lililomvunja Happy.

"Si kweli," akasema. "Huyu ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa."

Loisi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, hajui acheke au anyamaze.

"Kwetu," Mama Luhaga akamwambia Loisi, bila kumgeukia Happy, "mtoto akimwona mama yake humsalimia kwanza. Huyu nimeonana naye tangu asubuhi, hajanisalimia."

Happy akapiga magoti palepale, kwenye vumbi na maganda ya miwa, makonda na wapiga debe wakitazama. Mmoja akapiga mluzi. "Mwadila, mayu," akasema, ambayo ndiyo salamu ya mchana, maana asubuhi ilikuwa imeshakwenda.

Mama yake akanyoosha mkono, akamshika bega. "Mwadila," akaitikia. "Hii ya mchana nimeipokea. Ile ya asubuhi sijaipata, na wale uliotakiwa kunisalimia mbele yao wameshaenda zao."

"Nitawafuata," Happy akasema. "Nakwenda kwa dada Bushra sasa hivi. Nitamwambia wewe ni mama yangu, nitamwambia maembe unayaanika wewe, kwetu Kamsamba. Akiyakataa, ayakatae."

Mama Luhaga akaondoa mkono begani. "Utamwambia na mimi nilimdanganya? Alinipa shikamoo yule mtoto. Alinitua mzigo. Nikamjibu uongo, na mvi hizi."

Happy hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani aibu ni yake peke yake na ukweli ungetosha kuifuta. Kumbe alikuwa amemgawia mama yake sehemu, naye akaibeba bila kusema kitu, kama kiroba.

Konda akaita watu wa Mlowo. Mama Luhaga akainuka, akajikung'uta, akampa Happy yule kuku. Alipoweka mguu kwenye ngazi ya gari aligeuka.

"Mwambie tu," akasema. "Aibu ya kuitwa mwongo nitaiweza. Leo nimebeba kubwa kuliko hiyo."