Praivasi ya Wifi

Tulimzika kaka yangu kijijini Midia, nyumbani kwa baba. Kwetu mfiwa haachwi peke yake: wanawake hulala naye, humsindikiza hata chooni. Kesho yake wifi yangu, mjane wa kaka, aliyekuwa akikaa naye mjini Arua, aliinuka kwenye mkeka akasema anataka praivasi kidogo.

"Praivasi iko nini?" shangazi akauliza.

"Nataka kukaa mwenyewe ndani. Kidogo tu."

"Mutu ya kufiwa hapana kaa mwenyewe."

Wifi akaingia, akafunga komeo mchana kweupe.

Vitabuni jambo hilo wanaliita faragha, na linasikika zuri. Pale kwenye mkeka lilikuwa kujitenga, na anayejitenga ana lake jambo. Mimi nami si mtu wa kuamini upesi. Hata nikikaribishwa chai, nangoja kwanza mwenyeji anywe. Halafu kaka alikufa ghafla, kwa tumbo, bila kufika hospitali. Wazee walikuwa wanatafuta kisa tu cha kumrudisha wifi kwao, watoto wabaki.

"Nenda sikia," shangazi akaninong'oneza. "Kama iko naongea na mwanaume kwa simu, tutajua."

Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama chini ya dirisha. Kweli, alikuwa anaongea. Nikasema moyoni, lisemwalo lipo. Nilifurahi, sifichi.

"Mjinga wewe," alikuwa anasema. "Mi nilikuambia twende hospitali. Nilileta boda mpaka mlangoni. Wewe ukasema ni gesi, ukakunywa maji ya ndimu ukalala. Sasa hawa watoto nitawaambia nini? Nijibu."

Hapakuwa na simu. Alikuwa anamgombeza kaka. Huko nje, mbele ya waombolezaji, mjane humsifu marehemu. Angetamka nusu ya maneno yale, wangemfukuza jioni ileile. Na kaka namjua. Alikuwa mbishi hivyohivyo tangu utotoni, na mimi pia nilikuwa na hasira naye, sikuwa na mahali pa kuisema. Nililia pale dirishani kuliko nilivyolia kaburini.

Niliporudi, shangazi alikuwa ananisubiri.

"Yeye iko nafanya nini?"

"Iko nalala."

Akaniangalia usoni.

"Kama iko nalala, wewe nalia nini?"

Nilikuwa msibani kwa kaka yangu, naulizwa sababu ya kulia. Nilivuta mkeka nikakaa, mgongo umeegemea mlango wa wifi, na kuanzia hapo shangazi akawa ananichunga mimi.