Trei la Kwanza Halikuwa na Chumvi

Mimi si mtu wa kusimulia mambo ya majini. Ukija kwangu na habari kwamba umeona jini, kitu cha kwanza nitakachokuuliza ni kama ulikuwa umelala. Kwa hiyo hili usilichukulie kama la mtu anayeshtuka kila paka akiruka ukuta. Limenipata mwenyewe, jikoni kwangu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos hapa Maskati, mchana kweupe, taa zote zinawaka. Ukitaka, cheka. Hata mimi ningecheka.

Ulikuwa wakati wa baridi, na mvua ilikuwa siku ya pili haijakatika. Najua wewe wa Unguja utasema, mvua ya siku mbili ni nini? Maskati mvua ya siku mbili husimamisha nchi. Mawadi, yale mabonde makavu yanayogeuka mito, yalishuka, barabara zikakatika, skuli zikafungwa, na ofisini kwetu wakatuambia tukae majumbani. Mume wangu, Salim, alikuwa ameshawahi gereji yake mtaa wa Ghala alfajiri, na maji yakamfungia huko huko. Nikabaki mimi na binti yetu Rahma, wakati huo ana miaka mitano, aliyekuwa ameshaniuliza mara kumi tutafanya nini sasa.

Nikamwambia tuchome brauni, zile keki nzito za chokoleti zinazokatwa vipande vya mraba. Zangu zina jina. Sijisifu, nasema lililopo. Jirani yangu Bi Zuwena, mama mtu mzima ambaye ukoo wake umetoka Unguja kama wetu, akiisikia harufu tu huyo, anaingia kwa mlango wa jikoni kabla trei halijapoa. Siri yenyewe ni chumvi. Kijiko kidogo tu, lakini bila hiyo chokoleti hailiki.

Siku hiyo nikaisahau. Rahma alitaka kuvunja mayai mwenyewe, nusu ya maganda yakaingia bakulini, na katika kuyaokota, chumvi ikanitoka kichwani. Trei lilipotoka nikaonja pembe moja. Utamu mtupu, limepooza kabisa. Mwenye akili angelimwaga pipani. Mimi nikalitoa nje, nikaliweka kizingitini pa mlango wa jikoni, pembeni ya mtaro wa maji, nikijisemea paka watakula. Nikaanza trei la pili, safari hii chumvi nikaitia mwanzo. Kisha, kwa kuwa nyumba ilinuka unyevu, nikawasha chetezo, nikafukiza ubani mpaka moshi ukatoka nje. Haya yote yaweke kichwani, nitayarudia.

Trei la pili limo ndani ya oveni, nikasikia, "Hodi."

"Karibu, pita," nikajibu, wala sikugeuka.

Nilipogeuka, namwona Bi Zuwena keshaingia, trei langu la kwanza liko mikononi mwake, na anatafuna. Nilicheka. Nikamwambia, "Hilo limeharibika, Bi Zuwena. Subiri la pili."

"Hili ndilo," akasema. "Limetengenezwa kama inavyotakiwa." Akamkatia Rahma kipande, na Rahma akala.

Mambo mawili niliyaona lakini sikuyapa uzito. Kwanza, hakutoa salamu, na Bi Zuwena ninayemjua salamu zake huanzia getini. Pili, mvua ilikuwa inapiga ya kukata na shoka, lakini baibui lake lilikuwa kavu, na miguu yake haikuacha hata tone kwenye vigae. Nikajiambia labda alikuwa na mwavuli. Unaona mtu anavyojitafutia majibu?

Akamshika Rahma mkono. "Mmenialika vizuri," akasema, "na mimi lazima nimkaribishe mtoto kwangu. Wanangu wanamngoja wacheze naye."

Wanawe Bi Zuwena! Wote wameoa na kuolewa, mdogo wao ananizidi umri.

Hapo simu yangu ikalia juu ya meza, ujumbe wa sauti. Nikaubonyeza kwa kidole chenye kakao, na sauti ya Bi Zuwena ikajaa jikoni: "Mwanangu, nyie huko salama? Mie nimekwama huku Bustan kwa binti yangu tangu jana, wadi limeshuka, hakupitiki. Nna hamu na brauni zako, basi tu!"

Niliogopa. Sitajifanya shujaa mbele yako. Yule mwanamke aliisikiliza ile sauti mpaka mwisho, akatabasamu kwa uso ule ule wa Bi Zuwena, akaanza kumwongoza mwanangu kuelekea mlangoni, taratibu, kama watu wanaokwenda dukani. Nikamwita Rahma. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa jina lake lote na la baba yake, na mtoto anakwenda tu.

Lakini niamini, hasira ilinipanda kuliko hofu. Mtoto ni wangu, jiko ni langu, halafu mtu aje anichukulie mbele ya macho yangu? Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia udogoni kwamba wenzetu wale hawali chumvi, nasi tukimcheka. Kopo la chumvi lilikuwa pale pale, wazi. Nikachota mkono mzima, nikasema bismillahi kwa sauti ambayo nadhani mtaa mzima uliisikia, nikaukamata mkono wa Rahma uliokuwa huru, nikamjaza chumvi kiganjani na nyingine nikamtia mdomoni. Akaangua kilio. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Yule akamwachia ghafla, kama aliyeshika trei la moto. Hakupiga kelele wala hakugeuka moshi, hayo ni ya filamu. Alinitazama kwa masikitiko tu, kama mgeni aliyeinuliwa mezani kabla hajashiba. "Mmeniita wenyewe," akasema. Akatoka na trei langu. Niliruka mpaka dirishani, na uani hapakuwa na mtu, mvua tu.

Nilimpigia mama yangu, anayeishi kwa kaka yangu, nikamweleza yote. Nilitaka anipe pole. Hakunipa.

"Chakula hakina chumvi," akasema. "Umekiweka kizingitini, penye mtaro. Ukafukiza ubani. Kisha ukasema karibu. Mwanangu, hivo ndivo watu walivokuwa wakiwaandalia wenzetu wale chano chao, sinia la kuwaalikia. Hebu nambie, mtu anayetaka kuwaita kwa makusudi angefanya kipi zaidi?"



Salim alirudi kesho yake, maji yalipopungua. Akanisikiliza, akasema nimechoka. Nikamwacha. Siku ya tatu jua likatoka, tukaamka mapema, Rahma bado amelala, milango yote imefungwa kwa ndani. Juu ya meza ya jikoni lilikuwepo trei langu, limeoshwa safi. Na unajua desturi zetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ndani yake zilikuwamo keki ndogo nyeupe, bado za moto. Salim hakusema tena kwamba nimechoka. Nilizimwagia kopo zima la chumvi, naye akalichukua trei na vilivyomo, akaenda kulifukia mbali, jabalini. Rahma hakuliona, na hatukumwambia, wakati huo wala baadaye.

Sasa ana miaka minane. Mzima, anasoma vizuri, mdomo kama wangu. Ila chakula chenye chumvi anakila kwa kulazimishwa, na kila siku nakaa mbele yake mpaka amalize sahani. Na kila baridi ikija, mvua ya kwanza ikianguka, huenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, wao walisharudisha trei. Sasa ni zamu yetu kupeleka."

Kwa hiyo nawe, mvua ikikufungia ndani na ukapata hamu ya kuchoma keki, choma, nani kakukataza? Lakini onja. Ukikuta chumvi umeisahau, keki itupe pipani, usiiweke nje kwa ajili ya paka. Na mtu akipiga hodi, geuka umtazame miguu kabla hujasema karibu.

Hapa kwetu mvua imeanza tangu asubuhi. Rahma yuko mlangoni, ameshaniambia mara mbili. Nimemshika mkono, na kopo la chumvi liko wazi.