Rangi Iliyobaki kwenye Bawaba

Mimi huuza vitu vilivyokwisha kuchezewa na watoto wa watu wengine. Mteja akikubali bei ya kwanza bila kuvutana nami, namtazama mara mbili. Mwanamke yule aliokota pikapu ya chuma yenye ukubwa wa kiganja, rangi imebabuka, gurudumu moja halipo, akalipa nilichotaja kwa kujaribu tu.

"Nani anaweza kuitengeneza?"

Nikamwelekeza kibanda cha jirani, kwa Msasa.

Jina hilo tulimpa kwa ukavu wa viganja vyake. Maisha yake yote amenyoosha bodi na kupiga rangi magari ya watu, na ana tabia moja mafundi wenzake humcheka: hapaki rangi mpya gari zima. Ndani ya bawaba ya mlango wa dereva huacha alama ya rangi ya zamani, nyembamba kama ukucha. "Gari lisisahau kwao," husema. Wenye magari hawajui. Mimi najua kwa sababu chai tunanywea benchi moja.

"Ipake kijivu, baba," mwanamke alimwambia.

Msasa akacheka. "Kijivu? Weka nyekundu, dada, mtoto afurahi."

"Sina mtoto."

Msasa akaikwangua, akanunua kwangu gurudumu la kigari kingine (jirani ni jirani, biashara ni biashara), akaipaka kijivu. Mwanamke aliporudi akaigeuzageuza, kisha akamrudishia.

"Sasa ibonyeze boneti hapa, kushoto. Na taa hii uipasue."

Msasa aliishika nyundo yake ndogo muda mrefu. Halafu akabonyeza boneti, akapasua taa.

Mimi nilishaanza kunusa balaa. Mwaka uliopita mtu aligongwa kwenye barabara ya machimbo akafa, na pikapu ya kijivu ikatokomea. Wiki ile ile Bwana Kokoto, mwenye machimbo na mwenye vibanda vyetu hivi, alimletea Msasa pikapu yake imebonyea, akataka iwe nyeupe, na upesi. Askari walipokuja kuikagua walikuta nyeupe, wakaaga kwa heshima.

Mwanamke akaiangalia kazi. "Ndiyo hiyo. Niliiona ikimwacha mume wangu chini. Sasa itengeneze, baba, kama ulivyoitengeneza ile kubwa."

"Nani kakwambia niliitengeneza mimi?"

"Hakuna. Nimezunguka kwa mafundi wote na vigari kama hiki. Kila mmoja aliniuliza kwa nini nataka kizima kiharibiwe. Wewe peke yako hukuuliza."

Alipoondoka nilimvuta Msasa pembeni. "Mzee, mrudishie kidude chake, umwambie rangi imekwisha. Kokoto akisikia, kesho tunafungasha. Una mke, una kibanda."

"Najua nilivyo navyo," akasema, akachukua gundi ya bodi.

Kwa kweli sijapata kuona kazi safi kama ile. Boneti ilirudi kama haijawahi kuguswa, nyeupe inateleza, taa mpya ya kipande cha plastiki. Mwanamke aliipokea kwa mikono miwili. Msasa akasema kwa sauti ya chini, "Fungua mlango wa dereva. Tazama ndani ya bawaba."

Akafungua kwa ncha ya ukucha. Kijivu kilikuwepo, chembamba kama uzi.

"Na ile kubwa?"

"Huwa nafanya hivyo kwa yote, mama."

Aliufunga mlango taratibu, akashika njia ya kituo cha polisi. Hakupita hata mafundi watatu kabla ya mmoja kumwuliza mwenzake kabeba nini. Mtaa wetu hauna siri.

Kabla ya jua kupoa, pikapu nyeupe ilikuja ikasimama mkabala na kibanda cha Msasa. Injini haikuzimwa. Hakuna aliyeshuka. Vioo vilikuwa vimepandishwa.

Msasa alikuwa anaifunga kwa kamba kompresa yake ya kupulizia rangi.

"Utanipa ngapi kwa hii?" akaniuliza, macho barabarani.

Nikataja bei ya chini ya kumtia mtu wazimu, kama kawaida yangu, nikingoja anitukane.

Hakuvutana nami.