Chini ya Sinki, Dirisha ni Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa kama nina moyo. Nimesimama kwa mlango wa jikoni ya loji moja ya Munuki, mjini Juba, nguo imepigwa pasi, viatu bado vina vumbi la safari ya kutoka Kenya, na Mudir anatoka. Mudir ndiye mkubwa wa pale, alikulia Khartoum, na sauti yake inapitia puani kama tarumbeta imezibwa na kitambaa: "Ya mama! Moyo fi?"

Nikasema, "Ndiyo bwana mkubwa, moyo ninao. Nimelea watoto saba kambini."

Akaniangalia vile mnaangaliaga mbuzi ameingia kanisani. Akaenda kwa sinki, akafungua mfereji mwenyewe. Hapo ndipo nikajua. Kwa Kiarabu cha Juba, moyo ni maji. Mzee alitaka tu kujua kama maji iko.

Ilikuwa ile miaka ya amani, mkataba umeshatiwa saini na kura ya uhuru bado. Watu walikuwa wanarudi Juba, kila mtu na lugha yake begani. Mimi nasema mfereji, Mudir anasema hanafiya, na Injinia, aliyerudi kutoka Kampala, anasema tapu. Majina matatu, na kitu chenyewe kimoja, kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nilikuwa nashika shingo yake na mkono wa kushoto, naosha sufuria na wa kulia. Maji ya kisima yana chumvi, kwa hivyo shina lilikuwa limeota ukoko mweupe na kutu ya kijani. Nikimlilia Mudir, ananijibu, "Ngoja Bashmuhandis." Maana yake injinia, lakini ukilitamka lazima usimame wima.

Bashmuhandis alikuja siku moja kabla ya wageni wakubwa, waliokuwa waje kula saa sita mchana. Shati nyeupe, kalamu tatu mfukoni, tumbo limetangulia. Akaangalia chini ya sinki, akaangalia tumbo lake, akaniangalia mimi. "Mama, wewe iko mwembamba. Wewe ingia. Mimi iko ongoza."

Nikaingia, nikalala chali. Wacha niwaambie nilichokiona, kwa sababu nyinyi mnajua mfereji kwa juu tu. Mfereji unapita kwa tundu la sinki, na chini kuna nati kubwa inayoubana usitoke. Kati yake kuna washa, kile kipande cha mpira. Wetu ulikuwa umeoza, na nati imegandishwa na kutu, haibani wala haifunguki. Dirisha la jikoni liko upande mmoja wa sinki, mlango upande wa pili.

Injinia hakufunga maji ya tangi. Alichukua chupa ya plastiki ya maji, akaisimamisha juu ya sinki, akaungurumisha sauti yake ya kuhubiri: "Mama, wewe iko sikia? Kifuniko inafunguka kwa dirisha. Basi vuta spana kwa dirisha!"

Nikavuta. Nati ikauma. Mimi sijui kusoma, lakini mkono wangu umesonga ugali miaka arobaini, unajua kitu kinacholegea na kitu kinachokaza.

"Injinia, inakaza."

"Vuta! Mimi iko na cheti! Kwa dirisha!"

Nikavuta kwa heshima ya cheti. Nati ikazidi kuuma, mfereji wote ukageuka nayo, na paipu ya chini ikapasuka. Maji yakanipiga usoni. Nilipotoka na kukimbia kufunga tangi, nusu ilikuwa imeenda, na Injinia alikuwa amesimama juu ya kiti kwa sababu ya viatu vyake.

Mudir akaja. Injinia akawahi: "Mudir, mama hii iko na nguvu ya punda. Imevunja."

Mudir hakuniuliza neno. "Kesho saa sita, kama moyo mafi hapa jikoni, ita ruwa bet." Yaani maji yasipokuwepo, nirudi nyumbani. Na nyumbani ilikuwa chumba kimoja cha mabati huko New Site, midomo saba inaningoja mimi peke yangu.

Jioni hiyo nilifunga nati na kitambaa nilicholoweka kwa ukwaju, kwa sababu ukwaju unakula ukoko wa chumvi. Baadaye nikadondosha mafuta ya taa. Halafu nikachukua ile chupa ya Injinia, nikalala tena chini ya sinki, nikaishika juu ya uso wangu, mdomo ukiangalia chini kama nati. Nikafungua kifuniko. Kilienda kwa mlango. Nikacheka peke yangu mpaka nikagonga kichwa.

Asubuhi Mudir alikuja kunifukuza. Nikatandika gunia. "Mudir, kabla sijaruwa bet, lala hapa."

"Ya mama, wewe majnun?"

"Labda. Lala."

Sijui ni njaa ya wageni au ni nini, alivua koti. Nikampa chupa. "Ishike kichwa chini. Fungua. Inaenda wapi?"

Akafungua. Halafu ile tarumbeta, lakini ndogo: "Kwa mlango."

"Sikusikia."

"Kwa mlango, ya mama!"

Nikamwekea spana mkononi, nikasimama juu, nikashika mfereji usigeuke. Sikumwongoza. Mdomo uliniwasha, lakini nilinyamaza. Nati ililia kriii, ikaachia.

Nikaagiza mfereji mpya na paipu mpya. Nilisugua tundu kwa brashi ya waya, nikaweka washa mpya, nikazungusha ile tepu nyeupe kwa meno ya mfereji, kufuata njia ya nati, maana ukienda kinyume inajikunja yote. Nati niliikaza kwa vidole kwanza, spana mwishoni kidogo tu. Nikafungua tangi, nikatandika karatasi kavu chini. Ilibaki kavu. Saa sita wageni walikula samaki.

Injinia alipofika, Mudir bado alikuwa na kutu puani. "Ya Bashmuhandis, taal hini," akamwita aje pale chini ya sinki. "Lala."

"Mudir, mimi iko na cheti..."

"Cheti iweke juu ya meza. Lala!"

Hakuenea. Tumbo lilibaki nje.

Baada ya hapo nilipika na kutengeneza mifereji kwa shule moja ya Munuki, chini ya Hedimistresi aliyeongea kama anasahihisha daftari, halafu kwa kliniki ya Sherikat, chini ya Metroni aliyenong'ona hata akigomba. Hakuna aliyeniuliza cheti. Magoti ndiyo yalinistaafisha.

Sasa nakaa New Site kwa mwanangu. Juzi mfereji wao ulilegea, na mke wake, Keji, akaingia chini ya sinki na spana. Mimi niko kwa kiti, nguo safi, naona kila kitu.

"Mama, nivute wapi?"

Nikafungua mdomo, na sauti iliyotaka kutoka ilikuwa ya Injinia.

"Mkono wako unasemaje?"

"Unasema huku."

"Basi usinisikilize mimi, binti yangu. Mimi niko juu."