Mnyama wa Mirdif Aliyekunywa Maji

Juzi nilipita Mirdif, hapa Dubai, nikakuta ile nyumba ya sir, bosi wa zamani wa Baba, imepakwa rangi nyingine na bustani imesakafiwa yote. Nilisikitika, mwenzangu. Humo ndimo nilimoanza kupenda wanyama, nikiwa darasa la nne.

Baba alikuwa dereva wa sir, sisi tukikaa Al Baraha. Sir alifuga mnyama wa ajabu: mgongo wa magamba magumu yaliyopangwa mikanda mikanda, na katikati zimechomoza nywele ndefu, ngumu, kama ndevu za mzee. Bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Iringa, alipomwona alishika kifua. "Jamani, kakakuona! Huku jangwani!"

Kwetu kakakuona akionekana huulizwa mambo ya mwaka, nasi tulikuwa na la kuuliza. Sir alikuwa anahama, viza ya Baba inakaribia kwisha, na hatukujua kama tutabaki Dubai au tutarudi nyumbani. Bibi akamwekea bakuli mbili pale bustanini kwa sir: unga ni kubaki, maji ni kurudi. Mnyama akaunusa unga, akaupita, akanywa maji. Nusura nilie. Bibi alipomgusa, mnyama akapiga ukelele kama kichanga.

Kesho yake nikamsimulia mwalimu wa sayansi. Akacheka, akanionyesha picha: ni yeye hasa, armadilo mwenye nywele, wa Amerika Kusini. Gamba lake lina mfupa ndani, la kakakuona ni kama kucha. Huyu ana meno, kakakuona hana hata moja. Wamefanana vazi tu. Kakakuona yuko karibu zaidi na paka na mbwa. Na hao wenye nywele wenyewe, akasema, wataalamu hubishana: wale wa milimani ni aina yao peke yao, au ni walewale wa tambarare?

Nilifika nyumbani nahema. "Bibi, yule si kakakuona. Jibu lake khalas, halihesabiki." Bibi alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza ukoo wa mnyama hujulikanaje, nami nikamweleza meno na mifupa, najidai kweli. 

"Kwa hiyo hamrudi," Bibi akasema.

"Inshallah haturudi," nikajibu kwa furaha.

Baba akapata kazi kwa arbab mwingine, yaani mwajiri, tukabaki. Bibi alirudi Iringa peke yake, na hatukuonana tena. Ni ukubwani ndipo nilipong'amua kwamba siku ile, pale bustanini, yeye alikuwa akiomba maji yanywewe.