Tekla Aliitikia Ndiyo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siwezi kuikumbuka nikiwa nimekaa. Ikinijia nikiwa mezani naandika, nanyanyuka, naenda mlangoni, narudi. Mke wangu ameshazoea. Husema tu, "Leo tena ni Tekla." Na kwa kuwa mwezi ujao unaanza kufundisha, bora uisikie kwangu kabla hujatengeneza ya kwako.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifundisha kwenye chuo kidogo cha ufundi upande wa Kihagara, karibu kabisa na ziwa. Nilikuwa nimesoma saikolojia ya elimu chuo kikuu, na sikuchelewa kumwambia mtu yeyote jambo hilo, hata kina mama walioanika dagaa wa usipa ufukweni.

Tekla alikuwa mwanafunzi wa ushonaji kutoka Lipingo. Kwa umri alikuwa mtu mzima, ila kuelewa kwake kulikwenda polepole. Ukimwonyesha mshono mara kumi, mara ya kumi na moja anashona vizuri kuliko wewe. Ila hakuwahi kumwambia mkubwa hapana. Alilelewa hivyo, kama sisi sote: mkubwa akiuliza, unapiga goti kidogo, unasema ndiyo. "Tekla ana heshima sana," niliandika kwenye ripoti yake. Nilidhani nimemsifu.

Asubuhi moja nikiwa mwalimu wa zamu, akaingia ofisini mwanamume mwenye mvi, koti safi, kofia mkononi. Akainama.

"Shikamoo, mwalimu."

Mtu wa rika la baba yangu ananiamkia mimi! Ningepaswa kuruka kutoka kwenye kiti nimwamkie yeye. Mwanangu, niliitikia marahaba. Tena kwa sauti nzito.

Akasema yeye ni mjomba wa Tekla, kwao kuna msiba, anamchukua siku mbili tu. Nikamwita Tekla, nikamuuliza palepale, yule mtu akiwa amesimama pembeni yake.

"Tekla, huyu ni mjomba wako?"

Akapiga goti. "Ndiyo, mwalimu."

"Unamfahamu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nikajiona mwangalifu kweli, maana nilikuwa nimeuliza mara mbili. Nikajaza daftari la ruhusa, nikasaini. Tekla akaenda bwenini kufunga mizigo.

Haikupita robo saa, Mama Osmunda, mpishi wetu, akaingia bila kubisha hodi, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.

"Mwalimu, msiba wa siku mbili unabebewa godoro?"

"Godoro gani?"

"La Tekla. Analikunja. Mkasi kauweka mzigoni, sare kamwachia mwenzake." Akamgeukia mgeni. "Shikamoo, baba. Hebu utusubiri hapo nje kwenye benchi."

"Mama, sisi tuna safari."

"Safari ipo tu, baba. Benchi lina kivuli."

Mgeni akatoka. Mama Osmunda akamwita Tekla kutoka bwenini, akatupeleka jikoni sote wawili. Akamkalisha Tekla, akampa viazi amenye, akamuuliza kama anayepiga soga tu:

"Huyu mjomba anaitwa nani?"

"Mjomba."

"Jina lake la ubatizo?"

Tekla akacheka. "Sijui. Kasema nimwite mjomba."

"Mlionana wapi?"

"Sokoni. Alininunulia soda. Anasema kuna kazi Ngaka, kule mgodini, kuwapikia madereva wa malori. Kasema mwalimu akiniuliza, niseme ndiyo." Akaacha kumenya, akanitazama kwa wasiwasi. "Nimesema vizuri, mwalimu?"

Huko nje tukasikia pikipiki ikiwashwa. Nilipofika kwenye benchi hapakuwa na mtu.

"Ulimuuliza mbele yake?" Mama Osmunda akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Sasa ulitaka akuambie nini, huyu mtoto wa watu, na nyie wakubwa wawili mmemsimamia?"

Tukampigia simu katekista wa kijijini kwao. Mama yake Tekla alikuwa shambani anapalilia. Hakukuwa na msiba wala mtu aliyetumwa. Mkuu wa chuo akataka kutoa taarifa polisi na ustawi wa jamii, akaniomba jina la yule mtu. Nikampa daftari. Mahali pa kuandika jina la anayemchukua mwanafunzi, kwa mwandiko mzuri wa msomi, nilikuwa nimeandika: Mjomba.

"Polisi wakamtafute nani?" mkuu akaniuliza. "Nchi hii ina wajomba wangapi?"

Tekla alimaliza mafunzo. Leo anashona sare za shule kwao, na wateja anawapanga foleni. Hilo hunituliza kwa nusu saa. Kisha nasimama tena, kwa sababu yule mtu aliondoka bila jina, na chuo chetu hakikuwa peke yake. Sijui alikwenda kumwamkia mwalimu gani baada yangu, na kama huyo alikuwa na mpishi wa kumwokoa.

Kwa hiyo mwanangu, mtu akija kumchukua mwanafunzi, usimhoji mwanafunzi mbele yake. Mtoe kando, mpe kitu cha kufanya kwa mikono, muulize swali lisilojibika kwa ndiyo. Andika majina yote. Piga simu nyumbani kwa namba uliyonayo wewe, si ile anayokupa mgeni. Ukiona unamkosea heshima mkubwa, mkosee. Mjomba wa kweli atasubiri, atanuna, halafu atakushukuru. Wasikilize mpishi na mlinzi, maana wanaona yasiyofika ofisini. Na wafundishe wanafunzi wako kusema hapana, hasa wale wanaosifiwa kwa upole. Waanze kwa kukukatalia wewe, siku umekosea, mbele ya darasa zima. Itakuuma. Vumilia, kwa sababu siku moja hapana hiyo wataihitaji mahali ambapo wewe hupo.

Mungu akujalie wanafunzi wasiokuogopa, akuondolee kiburi mapema kuliko alivyoniondolea mimi, na kila uliyekabidhiwa umrudishe kwao akiwa mzima. Nenda kafundishe, mwanangu.