Inchi Thelathini na Mbili za Aibu

Nitawaambia hii maneno mara moja tu, halafu mtu asiniulize tena, maana mpaka leo nikiingia kanisani kwetu Kathiani napitia mlango wa nyuma.

Mimi ni katibu wa kanisa. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imezeeka (ukiiwasha, unaenda kuchemsha chai, unakunywa, unarudi, bado inafikiria), basi nikatumwa Machakos mjini kutafuta ingine. Dukani nikamkuta dada anaitwa Halima, na nyuma yake skrini ya inchi thelathini na mbili ikionyesha ndege anakunywa maji, na aki ya Mungu niliona mpaka tone linaning'inia kwa mdomo wake! Nikasimama hapo kama mtu ameona malaika.

"Mzee, pesa yako ikiingia kwa skrini hii, storeji, ile nafasi ya kuweka vitu ndani, itakuwa ndogo," Halima akanionya. "Mko na picha nyingi?"

"Storeji nani ataiona?" nikamjibu. "Watu wanaona skrini."

Sherehe ya mavuno ikafika. Nilitaka kuonyesha video ya vile kanisa lilijengwa, lakini kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, haitaki kitu, kwa hivyo nikachomeka flashi yangu ya nyumbani. Watu walipoona ile skrini mbele wakasema "Wuui!" kwa pamoja, nami nikavimba kifua, nikabonyeza bila kuangalia vizuri.

Nikatokea mimi. Na vesti (ile iko na mashimo, na yote yalihesabika), nikijirekodi mazoezi ya hotuba ya uchaguzi, sauti ikitoka kwa spika zote: "Wapendwa, Mama Syombua ameongoza ya kutosha! Mwenyekiti mpya ndiye huyu!"

Mama Syombua, mwenyekiti wetu tangu nikiwa kijana, alikuwa amekaa kiti cha kwanza.

Nikakimbilia mausi. Kompyuta ikaganda kwa kukosa nafasi, na uso wangu ukabaki hapo, mdomo wazi, mkubwa kuliko ngoma ya kwaya, na mimi nimesimama kando yangu mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Mama akainuka polepole, akavaa miwani, akasogea mpaka karibu aguse skrini. Akaniangalia kule, kisha akaniangalia huku.

"Kioko," akasema, "mashine ni nzuri. Hata meno ya nyuma yanaonekana." Kanisa likaanguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. "Lakini ungekuja nyumbani uniambie."

Jumatatu nikaenda kwake kuomba msamaha. Akanimiminia uji, akavuta kiti, akakunja mikono.

"Haya, sema hotuba yote. Juzi ile mashine ilikukatiza."

Nikajaribu kukataa, akakataa kukataliwa, basi nikasimama nikaisema yote mpaka mwisho, jasho likinitiririka, na yule mama, ambaye nilikuwa nikisema amechoka, akasikiliza kila neno, halafu akanisahihisha mahali pawili, na pote pawili alikuwa sahihi. Sijawahi kuona moyo mpana hivyo.

Uchaguzi ulipofika jina langu sikupeleka. Na nimeapa: nikitumwa tena dukani, nitauliza kwanza ndani kunabeba nini. Hata nikipigia mtu kura.